Kushindwa Si Mwisho: Habari za Wasichana wa Immaculata

Nani kati yetu hajaona jambo hili? Mchezo wa mpira wa kikapu umekwisha katika uwanja wa shule, hapa Bukavu. Timu ya wasichana iliyozoea kushinda leo imeshindwa. Mmoja analia, wa pili anamlaumu mwamuzi, wa tatu anaapa kwamba hatacheza tena. Na nyumbani baba asema: "Si nilikuambia mchezo huo ni bure?" Basi leo twataka kuwasimulia habari za wasichana wa chuo kimoja cha Kikatoliki, waliopigwa vibaya sana, na mambo waliyoyafanya baadaye.

Huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, kuna chuo kiitwacho Immaculata, jina la heshima la Bikira Maria. Kilianzishwa mwaka 1920 na Masista Watumishi wa Moyo Safi wa Maria, na kwa miaka mingi kilikuwa chuo cha wasichana tu. Hakikuwa na mali nyingi. Nyumba yao ya michezo iliteketea kwa moto mwaka 1967, hata ikawabidi wasichana kufanya mazoezi katika chumba cha chini cha nyumba ya Masista. Ili kupata fedha za safari, waliuza miswaki. Lakini chini ya mwalimu wao kijana, Bibi Cathy Rush, timu hiyo ikawa na nguvu ya kushangaza. Masista wenyewe walikuja kuwashangilia, na ndoo za bati zilipigwa kama ngoma.

Mwaka 1972 walishinda kila mchezo, mpaka walipokutana na chuo jirani cha West Chester katika fainali ya mashindano ya upande wao wa nchi. Chuo hicho kilikuwa kikubwa kuliko chao. Tena Bibi Rush mwenyewe alisoma huko. Siku ile Immaculata walipigwa pointi 70 kwa 38. Timu ambayo haikujua kushindwa iliachwa nyuma kwa pointi 32!

Hata hivyo walikuwa wamepata nafasi katika mashindano ya taifa zima, yaliyokuwa yafanyike katika jimbo la Illinois siku chache baadaye. Timu zilikuwa 16, nao walihesabiwa kuwa wa 15. Fedha zilitosha kuwasafirisha wachezaji wanane tu. Kama wangekaa nyumbani, nani angewalaumu? Lakini walikwenda. Walishinda mchezo wa kwanza, wa pili na wa tatu. Na katika fainali, ni nani waliosimama mbele yao? West Chester wale wale! Safari hii Immaculata walishinda, 52 kwa 48.

Fikirini, wasomaji. Kwa siku hizo chache hakuna msichana aliyeongezeka kimo. Waliopigwa 70 kwa 38 ndio hao hao waliorudi uwanjani. Angalieni kwamba mshindi hakupatikana siku ya fainali tu. Alianza kupatikana siku ile walipokubali kupanda ndege, aibu ya kushindwa ikingali mbichi. Wazee wetu husema: Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Lakini tusidanganyane. Si kila kushindwa hufuatwa na kikombe. Immaculata walitwaa ubingwa tena mwaka 1973 na 1974. Kisha, mwaka 1975 na 1976, walishindwa katika fainali na chuo cha Delta State, wala hawakurudi tena kileleni, kwa maana vyuo vikubwa vilianza kutoa fedha nyingi kwa ajili ya michezo ya wasichana. Je, kazi yao ilipotea? Hapana. Baadhi ya wachezaji wale wakawa walimu wa mchezo. Marianne Stanley aliongoza timu ya chuo cha Old Dominion hata ikatwaa ubingwa mwaka 1979, 1980 na 1985. Theresa Grentz aliongoza timu ya Marekani katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1992.

Sisi Wakongo nasi tunao mfano wetu. Mwaka 1994 wanawake wa nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, walikuwa mabingwa wa Afrika. Mwaka 1996 walikwenda Olimpiki ya Atlanta, na huko walishindwa michezo yote. Marekani waliwapiga 107 kwa 47. Katika timu hiyo alikuwamo msichana wa Kinshasa, Mwadi Mabika. Je, alitupa viatu vyake? Mwaka uliofuata alijiunga na timu ya Los Angeles Sparks huko huko Marekani, na pamoja nayo akawa bingwa mwaka 2001 na 2002.

Basi, ninyi wasichana wa shule zetu, mkishindwa, lieni kidogo. Machozi si dhambi. Kisha wapeni mkono walioshinda, mwacheni mwamuzi aende kwa amani, na kesho yake rudini katika mazoezi mkitafuta mahali mlipokosea. Mkifanya hivyo mnajifunza jambo litakalowafaa hata siku ya mtihani, na siku ya shida katika nyumba zenu.

Nanyi wazazi, binti akirudi jioni na uso wa huzuni, msimcheke, wala msitumie siku hiyo kumkataza mchezo. Mpeni chakula, msikilizeni. Masista wa Immaculata hawakuwapenda wasichana wao kwa sababu ya vikombe.

Katika Njia ya Msalaba twatafakari jinsi Bwana wetu alivyoanguka mara tatu, na kila mara akainuka na kuendelea. Anayemfuata asiogope kuanguka. Aogope kubaki chini.