Deki ya bibi, na nyingine nilizozipenda mwaka jana

“Baba Zuhura, deki gani hiyo usiku huu? Sakafu nimeshapiga.”

Ilikuwa usiku wa Juni 30, 2025. Nilikuwa nimekaa sebuleni peke yangu, simu mkononi, na maneno yakanitoka kwa sauti bila kukusudia: “Deki yangu wameifungia!” Mama Zuhura alitoka chumbani akaangalia sakafu, akaniangalia mimi, kisha akarudi kulala. Sikuweza kumlaumu. Mtu mzima akiitaja deki saa tano za usiku, utamfikiria nini zaidi ya ndoo na tambara?

Deki yangu mimi ni ya karata. Mchezo wenyewe unaitwa Magic: The Gathering. Uliasisiwa na Mmarekani Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati, na kampuni ya Wizards of the Coast ikautoa mwaka 1993. Aliyekulia barazani akicheza wahedi wa sitini ataushangaa kwa jambo moja. Sisi tumezoea watu wanne kugawana pakiti moja, kopa na shupaza zile zile, na ukipata garasa ni bahati yako. Huku kila mtu anakuja na pakiti yake aliyoipanga mwenyewe nyumbani. Anachagua karata zisizopungua 60 kati ya maelfu, na karata za jina moja hazizidi nne, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Pembeni anaruhusiwa karata 15 za akiba, za kubadilishia baada ya mchezo wa kwanza. Mnaanza na uhai 20 kila mmoja na karata saba mkononi. Wa kwanza kufika sifuri amekwisha.

Kwa hiyo nusu ya mchezo inachezwa kabla hujakutana na mpinzani. Kuna rangi tano: nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu na kijani, na kila moja ina tabia zake. Nyekundu ina haraka na hasira. Buluu inafikiri mno na ni ya kukera. Pia mashindano makubwa ya mfumo unaoitwa Standard hukubali tu karata za miaka michache ya karibuni, ili mambo yasigande. Mwaka 2025 hayakuganda hata kidogo.

Niseme mapema kwamba deki nazipenda kwa utamu wake. Ushindi wangu mwenyewe ni mchache na hauna haja ya kuandikwa gazetini.

Ya kwanza niliyoipenda ilinishika Februari. Katika mashindano ya Pro Tour ya Chicago, Matt Nass alitwaa ubingwa kwa deki iliyoitwa Domain Overlords, deki ya rangi nyingi iliyojaa mabwana wakubwa kutoka nyumba ya mizimu. Utamu wake ni namna ya kuwalipia mabwana hao. Mkubwa wao, Overlord of the Mistmoors, bei yake ni mana saba, na mana ndiyo fedha ya mchezo huu, inayotoka kwenye ardhi. Ukikosa saba, lipa nne. Atakuja, ataleta wadudu wake wawili wanaoruka, lakini yeye mwenyewe atakaa kimya zamu nne kabla ya kuamka. Ni sawa na kiwanja ulichoweka msingi ukaishiwa pesa: jirani anaona matofali tu, ila wewe unajua ni ghorofa.

Hapo anaingia Zur, mchawi wa mana tatu. Mlipe Zur mana mbili, anamwamsha bwana yule papo hapo, nguvu 7 na ukakamavu 7. Tena kila anachopiga kinakufa, kila pigo linakurudishia uhai, na mpinzani hawezi kumlenga kwa uganga wowote. Nimeona watu wakijiuzulu pale pale Zur anapotua mezani, hata hajaguswa. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, mara mbili kwa usiku mmoja.

Deki ile ilikuwa ya watu wenye subira. Aprili ikaja toleo la Tarkir: Dragonstorm, na subira ikakosa soko.

Ndani ya toleo hilo kulikuwa na silaha ya mana mbili, Cori-Steel Cutter. Kila unapotoa karata ya pili katika zamu moja, anatokea mtawa mdogo, nguvu 1, anaishika silaha hiyo bure na kushambulia bila kusubiri. Tuhesabu pamoja, maana hapa ndipo deki ilipokuwa na sumu. Zamu ya pili umeweka silaha. Zamu ya tatu una ardhi tatu. Unatoa karata ya mana moja, halafu nyingine ya mana moja, mtawa huyo ametokea. Silaha inamwongezea 1, sasa ni 2. Mana ya mwisho unaitumia kumpaka Monstrous Rage: mtawa anapata 1 kwa mafunzo yake ya kila uganga unaotolewa, 2 kwa hasira yenyewe, na 1 kwa unyama unaobaki mwilini mwake. Jumla 6. Sekunde chache zilizopita hakuwepo, na sasa amekula karibu theluthi ya uhai wa mtu. Ukimuua, silaha bado ipo mezani. Kesho atakuja mtawa mwingine.

Hii iliitwa Izzet Prowess. Izzet ni jina la chama cha wahandisi vichaa katika mji wa kubuni wa Ravnica, na wachezaji hulitumia kwa deki yoyote ya buluu na nyekundu. Niliicheza wiki mbili kwenye Arena, programu inayokuwezesha kucheza Magic kwa simu, nikashinda kuliko kawaida yangu, nikachoka. Deki ilikuwa inajicheza yenyewe, na mimi nilikuwa kidole tu.

Ilipofika Pro Tour ya Final Fantasy, Las Vegas, Juni, takribani wachezaji wanne katika kila kumi walikuja na watawa hao. Fikiria uko katika mashindano ya bao na karibu nusu ya watu wana namua moja. Wengine wangefanyaje? Hapa ndipo palipo na deki ninayoiheshimu kuliko zote za mwaka: nyekundu tupu ya Ken Yukuhiro.

Yukuhiro ni mkongwe kutoka Japani anayejulikana kwa kupenda deki zisizofuata mkumbo. Safari hii hakuleta kituko. Alileta rangi ya zamani kuliko zote kwa ukali: viumbe wa bei ndogo, moto, na hakuna kupepesa macho. Akili yake ilikuwa katika kusoma uwanja. Watawa wa Izzet wanahitaji muda kidogo wa kupanga karata zao mbili tatu, na nyekundu tupu haitoi muda huo. Wapo wachezaji wa nyekundu waliokuwa na karata ya mjusi, Magebane Lizard, anayemwunguza kila anayetoa uganga: wa kwanza katika zamu unakuchoma 1, wa pili 2, wa tatu 3. Kwa deki inayoishi kwa kutoa uganga mfululizo, mjusi huyo ni sawa na mita ya maji. Unaoga huku unasikia namba zinazunguka.

Fainali ilichezwa usiku wetu wa manane. Bando lilikata nikiwa katikati ya mchezo, na duka lililo wazi saa hizo mtaani kwetu ni la chipsi tu. Asubuhi ndipo nilipoona kuwa Yukuhiro ndiye bingwa. Nilirudia kuitazama yote ninajua mwisho wake, na bado moyo ulinidunda.

Siku chache baadaye, ile Juni 30, Wizards wakafungia karata saba kwa mpigo. Silaha ya watawa ilikwenda, na ilistahili. Monstrous Rage ikaenda. Up the Beanstalk, mmea uliokuwa ukiwalisha karata wale mabwana wa Chicago, nao ukang’olewa. Lakini iliyoniuma mpaka nikapiga kelele sebuleni ni Heartfire Hero: panya. Panya mdogo wa mana moja, nguvu 1, ambaye kila zamu ukimgusa mara ya kwanza kwa uganga wako anakua na habaki kama alivyokuwa. Mpake ile hasira zamu ya pili, anauma 5. Na akifa, nguvu zake zote zinamrukia mpinzani. Sijawahi kuona mnyama mdogo hivyo akiogopwa na watu wazima. Najua kwa nini walimfungia, na bado sijawasamehe. Arena ilinirudishia karata za kubadilishia, kama ilivyo desturi yake karata inapofungiwa. Lakini sikuwa nadai karata.

Mtu angedhani mambo yangetulia. Kumbe lile lile toleo la Final Fantasy, lililotoka Juni, lilikuwa limemficha Vivi Ornitier, yule mchawi mdogo mwenye kofia iliyochongoka kutoka mchezo wa video wa mwaka 2000. Vivi anapata nguvu kila unapotoa uganga usio kiumbe, anamchoma mpinzani 1, na mara moja kwa zamu anakupa bure mana sawa na nguvu zake. Bure! Kisha watu wakamchanganya na chungu cha Agatha, karata ya mwaka 2023. Unamtupa Vivi makaburini, yaani kwenye rundo la karata zilizotupwa, chungu kinamzoa, na kuanzia hapo kila kiumbe chako chenye alama ya ukuaji kinazalisha mana kama yeye. Unakuwa umemuua mchawi ili mizuka yake iwe mingi.

Hii siwezi kuiita deki niliyoipenda. Nilivutiwa nayo jinsi mtu anavyovutiwa na ajali, anapunguza mwendo na kuchungulia. Miezi ya Agosti, Septemba, Oktoba, ukifungua mchezo unakutana na chungu. Ukifungua mwingine, chungu. Lawama nawapa wenye mchezo. Mkuu wa Hasbro, kampuni mama ya Wizards, alisema toleo la Final Fantasy liliingiza dola milioni 200 kwa siku moja. Vivi ndiye aliyekuwa sura ya toleo hilo kwa wachezaji wengi. Sina ushahidi kwamba fedha ilichelewesha hukumu, ila nimeishi mjini muda wa kutosha kujua kuku anayetaga hachinjwi mapema. Alifungiwa Novemba 10, pamoja na karata nyingine mbili.

Nikadhani mwaka umeisha. Wiki mbili hazijafika, Novemba 21, likatoka toleo la Avatar: The Last Airbender, na ndani yake alikuwemo bibi.

Karata inaitwa Gran-Gran. Mana moja ya buluu, nguvu 1, ukakamavu 2. Nilipoiona mara ya kwanza niliipita. Bibi huyu akishambulia, yaani akilazwa ubavu mezani, unavuta karata moja na kutupa moja. Na makaburini kwako yakiwepo masomo matatu, kila uganga wako usio kiumbe unapungua bei kwa mana moja. Masomo ni aina ya karata katika toleo hilo, na neno hilo kwetu pwani lina uzito wake. Somo si kipindi cha darasani tu; somo ni yule mama anayemkalisha mwari na kumfunda. Waliochora karata ile hawakulijua hilo, lakini deki ilivyokwenda, ni kama walijua.

Kuna uganga uitwao Accumulate Wisdom. Kwa kawaida unalipa mana mbili, unaangalia karata tatu za juu, unachukua moja. Masomo yakishafika matatu, unachukua zote tatu. Bibi akiwa mezani, bei ni mana moja. Karata tatu kwa mana moja ya buluu! Wazee wa mchezo huu wanakumbuka Ancestral Recall ya mwaka 1993, iliyofanya hivyo hivyo, na ambayo mpaka leo ni miongoni mwa karata tisa zinazoogopwa kuliko zote. Hapa imerudi kwa mlango wa nyuma, imebebwa na kikongwe.

Desemba, katika fainali za dunia zilizofanyika Bellevue, Washington, Seth Manfield aliibeba deki hiyo, Izzet Lessons, mpaka ubingwa. Ulikuwa ubingwa wake wa pili wa dunia. Wa kwanza aliupata mwaka 2015. Ndiyo, ni buluu na nyekundu tena, na nilikuwa nimeapa kuzisusa. Lakini tabia ni nyingine kabisa. Hakuna mtawa wa kuruka kutoka hewani. Unachoma kiumbe kimoja, unavuta karata, unatupa somo makaburini, unangoja. Zamu tatu za mwanzo mpinzani anaona hufanyi lolote la maana. Zamu ya sita mkono wako umejaa na wake ni mtupu, na hawezi kukuonyesha hasa ni wapi alipokosea.

Nimeicheza tangu Krismasi. Juzi nilikuwa nayo sebuleni, masomo mawili makaburini, la tatu mkononi, mpinzani ana uhai 14. Mama Zuhura alipita na kikombe cha chai, akainama kuangalia kioo cha simu.

“Na huyu bibi anafanya nini humu?”

“Anafunda.”

Alimtazama kidogo. “Naye watamfungia?”

Nikamwambia sijui. Nikamlaza bibi ubavu, nikavuta karata. Ilikuwa ardhi.