Istilahi za Baraza katika Shajara ya Richard Smith

Shajara ya mjumbe wa baraza humtaabisha mfasiri kuliko taarifa rasmi, kwani mwenyewe huandika kwa mkato na kwa maneno ya zama zake. Twachukua mfano wa Richard Smith, mjumbe wa New Jersey katika Kongresi ya makoloni ya Marekani yaliyokuwa vitani na Uingereza. Shajara yake ya vikao vya Philadelphia yaanza Septemba 1775 na kukoma Machi 1776.

Msomaji aliyezoea Majadiliano ya Bunge letu hana budi kuelezwa kwamba Katibu wa Kongresi, Charles Thomson, aliandika maazimio tu, si hoja za wasemaji. Hoja hizo twazipata kwa watu kama Smith.

Tarehe 22 Machi 1776 ilijadiliwa dibaji ya azimio la kuziruhusu merikebu za watu binafsi kuteka vyombo vya Waingereza. Wythe na Lee walitaka mwenye kulaumiwa kwa masaibu ya makoloni awe Mfalme mwenyewe. Wapinzani wao waliona kwamba huko ni kuachana naye milele. Ubishi ulichukua muda wa saa nne. Sasa, upande uliokuwa ukilaumiwa mpaka hapo Smith autaja kwa neno ambalo leo hutafsiriwa “wizara”. Mfasiri akiliandika hilo, msomaji atafikiria ofisi moja, kama ya kilimo au ya afya, na ubishi wote utaonekana upuuzi. Katika karne ya 18 neno hilo lilimaanisha mawaziri wote kwa jumla. Twapendekeza “mawaziri wa Mfalme”. Kuwalaumu mawaziri kulimwacha mtu angali raia mtiifu. Kumlaumu Mfalme kulikaribia kudai uhuru, ambao ulitangazwa Julai 1776.

Siku hiyo Maryland ilizuia uamuzi, na Smith atumia neno la “kura ya turufu”. Lakini jambo liliahirishwa hadi kesho yake tu, “pingamizi” latosha.

John Hancock naye asiitwe “Rais”, ingawa Kiingereza hakitofautishi. Aliongoza vikao, hakutawala nchi. Rais wa kwanza wa Marekani, George Washington, alishika madaraka mwaka 1789. “Spika” pia hatulipendi, kwa kuwa kila koloni lilikuwa na kura moja na baraza lilifanana zaidi na mkutano wa wajumbe wa nchi mbalimbali. “Mwenyekiti wa Kongresi” lafaa.