Antao: Mzaliwa wa Mombasa aliyeipa Kenya dhahabu ya kwanza

Riadha ya Kenya inapotajwa, fikra za wengi hukimbilia Bonde la Ufa na mbio za masafa marefu. Kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe mwenye kasi miguuni hushauriwa aitumie katika soka, kana kwamba Pwani haikujaaliwa wanariadha. Hata hivyo, nishani ya kwanza ya dhahabu ambayo Kenya ilijipatia katika mashindano ya kimataifa ilitwaliwa na mzaliwa wa Mombasa, tena katika mbio fupi.

Seraphino Antao alizaliwa mwaka 1937 katika jamii ya Wagoa, wahamiaji kutoka Goa, sehemu ya India iliyotawaliwa na Wareno. Alishiriki Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Cardiff mwaka 1958 na Olimpiki ya Rome mwaka 1960, akarudi mikono mitupu mara zote mbili.

Mwaka 1962 ulikuwa wake. Alitwaa ubingwa wa Uingereza wa yadi 100 na yadi 220, na Novemba akasafiri hadi Perth, Australia, kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Aliyetarajiwa kushinda yadi 100, ambazo ni mita 91 na ushei, alikuwa Harry Jerome wa Kanada. Jerome aliumia paja katika fainali, akamaliza wa mwisho, naye Antao akashinda kwa sekunde 9.5. Anayedhani kuwa ni jeraha hilo lililompa ushindi na azitazame yadi 220: huko pia Antao aliondoka na dhahabu.

Je, kuishi kando ya bahari si kikwazo? Hewa hafifu ya nyanda za juu huufanya mwili uongeze chembechembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni, na hilo humfaa sana anayekimbia kilomita nyingi. Lakini katika mbio zinazokwisha kwa takriban sekunde 10, misuli hutumia hasa nguvu iliyokwisha kuwekwa akiba ndani yake. Hewa avutayo mkimbiaji njiani haina kazi kubwa. Joto nalo, ambalo Mombasa haliadimiki, husaidia misuli kunyumbuka upesi.

Oktoba 1964, Kenya ikiwa haijatimiza mwaka tangu kujipatia uhuru, Antao ndiye aliyebeba bendera yake katika ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo. Kwamba taifa changa lilimkabidhi mwana wa wahamiaji heshima hiyo si jambo dogo. Nishani hakuipata Japani; ya shaba iliyopatikana huko ilikuwa ya Wilson Kiprugut, katika mita 800.

Baadaye Antao alihamia Uingereza. Ilipita miaka 60 tangu Perth kabla ya Mkenya mwingine, Ferdinand Omanyala, kushinda mbio fupi zaidi za Michezo ya Jumuiya ya Madola, mjini Birmingham mwaka 2022. Antao hakuishi kuiona siku hiyo. Alifariki London Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka 73.