Karate ya Okinawa: Kwa nini mkanda mweusi ni mwanzo tu?

Vijana wengi wanaojiunga na karate huwa na lengo moja: mkanda mweusi. Wapo ambao wakishaupata huacha mazoezi, wakiamini wamemaliza. Wazazi nao wana hofu yao: mtoto akijua kurusha ngumi na mateke, si ataanza kuwapiga wenzake? Mambo haya mawili yanahusiana kuliko yanavyoonekana. Ili tuyaelewe, inabidi twende Okinawa, kisiwa ambako karate ilianzia.

Okinawa ni wapi?

Okinawa ni kisiwa kilichoko kusini-magharibi mwa Japani. Zamani hakikuwa sehemu ya Japani. Kilikuwa makao ya ufalme wa Ryukyu, uliofanya biashara ya meli na China pamoja na nchi nyingine za Asia. Mwaka 1609 ukoo wa Satsuma kutoka Japani uliuvamia ufalme huo, na mwaka 1879 Japani iliuvunja na kuufanya mkoa wake.

Wenyeji wa Okinawa walikuwa na mbinu zao za kujihami, wakiziita "te", yaani mkono. Walizichanganya na mbinu walizojifunza kwa Wachina. Ndiyo maana zamani jina karate liliandikwa kwa herufi zenye maana ya mkono wa Kichina. Tarehe 25 Oktoba 1936, walimu wakubwa walikutana mjini Naha wakakubaliana kutumia herufi nyingine, zinazotamkwa vilevile lakini zenye maana ya mkono mtupu. Mpaka leo, Oktoba 25 ni Siku ya Karate huko Okinawa.

Mwendo wa fahali

Kwa miaka mingi karate ilifundishwa faraghani, mwalimu na wanafunzi wachache tu. Mwalimu Anko Itosu ndiye aliyeifungulia mlango, alipoanza kuifundisha shuleni mwaka 1901. Mwaka 1908 aliandika barua yenye mambo kumi akieleza karate ni nini na inafaa nini. Alisema mtu hajifunzi karate ili akatafute wa kupigana naye. Anajifunza ili mwili wake uwe na afya, na ili aweze kujikinga yeye na watu wake siku akivamiwa.

Katika barua hiyohiyo Itosu aliifananisha karate na fahali atembeaye polepole, ambaye mwishowe humaliza safari ndefu sana. Mtu akifanya mazoezi saa moja au mbili kila siku, alisema, baada ya miaka mitatu au minne ataona mwili wake umebadilika. Hakuahidi chochote kwa miezi mitatu.

Sasa mkanda mweusi ni nini?

Daraja la kwanza la mkanda mweusi huitwa "shodan". Sehemu ya kwanza ya neno hilo, "sho", maana yake ni mwanzo. Mfano wake ni mtoto aliyekwisha kuzijua herufi zote. Hajawa msomi, ila sasa anaweza kufungua kitabu na kuanza kusoma.

Kitabu chenyewe katika karate ni "kata". Hii ni mfululizo wa kinga, ngumi, mateke na hatua zilizopangwa, ambao mtu huufanya peke yake bila mpinzani. Gichin Funakoshi, mwalimu wa Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alieleza kuwa ilimchukua miaka 10 kujifunza kata tatu tu.

Katika mtindo wa Goju-ryu kuna kata iitwayo Sanchin. Ina hatua chache, na mtu anaweza kuikariri kwa muda mfupi. Lakini mwanafunzi huirudia tangu ujanani mpaka uzeeni. Kijana huitumia kujenga nguvu na kusimama imara. Miaka ikienda na magoti yakichoka, mzee anabaki na pumzi, mkao na utulivu wa akili, na hayo nayo bado anaweza kuyaboresha. Ndiyo sababu Okinawa utakuta watu wenye umri mkubwa wakiendelea na mazoezi.

Tabia inajengwaje?

Karate haina dawa ya kumbadilisha mtu. Mkorofi naye anaweza kuvaa mkanda mweusi. Kinachojenga tabia ni mambo madogo yanayorudiwa kila siku. Mazoezi huanza na kuisha kwa kuinama kwa heshima. Wanafunzi husafisha wenyewe ukumbi wao wa mazoezi, unaoitwa "dojo". Mkiwa wawili, unajifunza kuisimamisha ngumi kabla haijamuumiza mwenzako. Mtu aliyerudia jambo hilo mara elfu amezoea kuuzuia mkono wake hata akiwa amechemka.

Funakoshi naye alisisitiza kwamba mwanakarate haanzi kushambulia. Kata nyingi zinazofanywa leo huanza kwa kinga.

Mfano wa uvumilivu ni Chojun Miyagi, mwanzilishi wa Goju-ryu. Mwaka 1945 vita vikali vilipiganwa Okinawa, na makumi ya maelfu ya raia walikufa. Miyagi alipoteza watoto wake na mwanafunzi wake mkuu, Jin'an Shinzato. Vita vilipokwisha alianza tena kufundisha, uani kwake mjini Naha, mpaka alipofariki mwaka 1953. Karate yake imesambaa duniani kupitia wanafunzi wake.

Mzazi aangalie nini?

Goju-ryu ilianza kufundishwa Dar es Salaam miaka ya 1970, na siku hizi karate inafundishwa katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Kabla ya kumwandikisha mtoto, nenda ukae utazame mazoezi mara mbili au tatu. Je, wakubwa wanawalinda wadogo au wanawaonea? Mtoto akikosea, anaelekezwa au anadhihakiwa? Mwalimu mwenyewe bado anafanya mazoezi? Akikuahidi mkanda mweusi kwa miezi michache ukilipa zaidi, tafuta mwingine.

Usiogope gharama za vifaa. Walimu wa zamani wa Okinawa walitumia jiwe lililotiwa mpini wa mti, mitungi iliyojazwa mchanga, na ubao uliosimikwa ardhini na kuzungushiwa kamba ya majani. Vitu hivyo hata kijijini vinapatikana. Lakini mtoto asivitumie bila mwalimu, maana kupiga ubao vibaya kunaumiza viungo.

Na kwako kijana uliyeupata mkanda mweusi ukaacha: rudi. Hata ukianza na kata moja kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, inatosha. Mwendo wa fahali hauhitaji haraka, unahitaji asisimame.

Kama una swali kuhusu mada hii, tutumie ujumbe nasi tutalijibu hewani.