Mashudu ya Pamba na Uzazi wa Mifugo

Mmea hauna miguu ya kumkimbia adui wala pembe za kumpiga. Silaha yake ni sumu. Mpamba huweka ndani ya mbegu zake sumu ya rangi ya manjano iitwayo gosipoli, ambayo huukinga dhidi ya wadudu waharibifu.

Pamba ya biashara ilianza kupandwa Uganda mwaka 1903. Mbegu zake hukamuliwa mafuta, na mashudu yanayobaki ni chakula cha mifugo chenye kujenga mwili. Ng'ombe jike mzima huyamudu yakiwa kwa kipimo, kwani tumbo lake la kucheulia huidhoofisha gosipoli kabla haijaingia damuni.

Fahali hana salama hiyo kamili. Akilishwa mashudu mengi kwa muda mrefu, mbegu zake za uzazi hupungua nguvu ya kwenda, na nyingi huwa na kasoro. Kwa macho fahali huonekana mnene na mwenye afya, kumbe majike anaowapanda hawashiki mimba. Mwenye mifugo huwalaumu majike, pengine akawauza bure. Kwa kawaida fahali hupona akiachishwa chakula hicho, ila sharti asubiriwe miezi kadhaa.

Ndama wachanga na nguruwe wamo hatarini zaidi, kwa kuwa sumu hii huweza kuwaua kwa kudhoofisha moyo. Kuku nao hutaga mayai ambayo viini vyake hugeuka rangi ya kijani yakiwekwa.

Hata binadamu hakusalimika. Nchini China ilionekana kwamba wanaume waliokula mafuta ghafi ya mbegu za pamba walikosa watoto. Katika miaka ya 1970 wataalamu walianza kuijaribu gosipoli kama dawa ya kupanga uzazi, na wanaume zaidi ya 8,000 waliitumia. Ilizuia mimba, lakini baadhi yao hawakurudiwa na uwezo wa kuzaa. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilishauri jambo hilo liachwe. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani huondolewa sumu hii.

Basi, wafugaji wenzetu, mashudu ya pamba tuwape ng'ombe wa maziwa kwa kipimo cha bwana mifugo. Fahali wa mbegu, ndama na nguruwe tuwatafutie chakula kingine. Zizi lisilozaa halina kesho.