Tumbo kutulia si utumbo kupona

Mtu aliyeharisha damu kwa miezi, akaambiwa ana ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, swali lake la kwanza huwa: nile nini, niache nini? Ni swali la haki, na wenye majibu ni wengi kuliko madaktari. Huyu anakataza ngano, yule maziwa, mwingine anauza juisi ya kusafisha tumbo. Maradhi haya mawili hutokea pale kinga ya mwili inapowaka ndani ya utumbo na kugoma kuzima. Crohn inaweza kushika popote, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na mara nyingi hukaa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Kolaitisi hubaki kwenye utumbo mpana. Chakula kina kazi kubwa katika kuyadhibiti, ila hatari kubwa ya tiba ya mlo ni kwamba humpa mgonjwa nafuu kabla hajapona, naye akaichukua nafuu hiyo kuwa ruhusa ya kutupa dawa.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021 unalionyesha jambo hili vizuri. Wagonjwa 194 wa Crohn waligawanywa: kundi moja likafuata mlo mkali unaokataza nafaka zote na sukari, jingine likala kwa desturi ya nchi za Mediterania, yaani mboga, samaki, kunde na mafuta ya zeituni. Baada ya wiki 6, karibu asilimia 46 ya kundi la kwanza na 43 ya kundi la pili dalili zao zilikuwa zimetulia. Mateso yote ya kuacha ugali, wali na mkate hayakuzaa faida ya ziada. Kubwa zaidi, miongoni mwa waliokuwa na viashiria vya uvimbe vilivyopanda katika damu, ni wachache mno waliorudi katika hali ya kawaida. Tumbo lilinyamaza huku uvimbe ukiendelea.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba chakula peke yake kimewahi kuponya, na wana hoja. Watoto wenye Crohn hupewa lishe maalumu ya majimaji pekee kwa wiki 6 hadi 8, bila tonge la ugali wala kipande cha mkate, na wengi wao uvimbe hushuka na vidonda vya utumbo kufunga. Madaktari wa Ulaya huianza kabla ya dawa za steroidi, ambazo hudumaza ukuaji wa mtoto. Lakini lishe hiyo hutengenezwa kiwandani kwa vipimo na husimamiwa hospitalini. Uji wa lishe wa nyumbani hauwezi kushika nafasi yake. Haijathibitika hivyo kwa kolaitisi, na mtoto akirudia chakula cha kawaida bila tiba ya kuendelea, ugonjwa mara nyingi hurudi.

Hoja nyingine inatoka hapa kwetu. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alisisitiza kwamba maradhi mengi ya utumbo mpana yalikuwa nadra kwa Waafrika waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi tele. Tafiti za baadaye zimehusisha vyakula vilivyosindikwa sana, kama soda na soseji, na hatari kubwa zaidi ya kupata Crohn. Basi turudie dona na matembele tupone? Hapana. Paa zuri huzuia mvua, lakini halikaushi nyumba iliyokwisha kufurika. Tena mwenye Crohn ambaye utumbo wake umesinyaa anaweza kuzibwa kabisa na mahindi ya kuchoma au embe lenye nyuzi. Huyo anahitaji mtori, boga lililopondwa, samaki wa kuchemsha. Uvimbe ukishatulia, na kama njia iko wazi, aanze na choroko zilizokobolewa, kisha mchicha uliopikwa ukalainika, kisha maharage, kidogo kidogo. Kuhusu maziwa, watu wazima wengi wa Afrika hawayameng'enyi vizuri hata wakiwa wazima; mtindi huwafaa zaidi. Kukata kila kitu kwa hofu huleta wembamba na upungufu wa damu, ambao wengi wa wagonjwa hawa tayari wanao.

Sigara ni suala fupi: kwa mwenye Crohn, kuiacha kunasaidia sana. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani nazo zinaweza kuuchochea ugonjwa.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha ugonjwa ni huo. Katika nchi zetu kifua kikuu cha utumbo hufanana mno na Crohn, na amiba hufanana na kolaitisi. Ukipewa prednisoloni, ambayo ni steroidi, kwa makosa, maradhi hayo mawili hupata nguvu. Damu kwenye choo, kukonda au kuharisha kunakozidi wiki 4 kunataka kipimo cha choo na cha kamera, si mizizi. Ukitaka kubadili mlo, badili huku ukimeza dawa zako, na usiziache hata tumbo likitulia; mwache daktari arudie vipimo hivyo kuona kama uvimbe umeisha, kisha aamue yeye.