Sifa ya Mwanachama na Ulinzi wa Makundi ya Mtandaoni

Katika kata nyingi nchini, tangazo la kukatika kwa maji, ratiba ya chanjo ya mifugo au taarifa ya msiba huwafikia wakazi kupitia kundi la simu kabla halijabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji. Kwa njia hiyo hiyo hupita tangazo la ajira lisilo na ukweli, namba ya tapeli anayejifanya ofisa wa halmashauri, na tuhuma dhidi ya jirani ambayo hakuna aliyeithibitisha. Habari ya kweli na ya uongo huingia kwa mlango mmoja, na mara nyingi mlinzi wa mlango huo ni mtu mmoja tu: msimamizi wa kundi, ambaye naye ana shamba, familia na saa za kulala.

Kundi moja la WhatsApp laweza kuwa na wanachama hadi 1,024. Hakuna mtu mmoja awezaye kusoma yote yaandikwayo na watu wengi kiasi hicho, wala kuamua kila mara kwa haki. Ndiyo maana jumuiya kubwa za mtandaoni zilianza zamani kugawa kazi ya usimamizi kwa wanachama wenyewe, kwa kutazama sifa ambayo kila mmoja ameijenga kwa matendo yake. Wakazi wanaoendesha makundi ya kata, vijiji na vitongoji wana mengi ya kujifunza kutokana na mifumo hiyo, ikiwa ni pamoja na makosa yake.

Maana ya mfumo wa sifa

Kijijini, sifa si jambo geni. Katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa, sanduku la fedha hufungwa kwa kufuli tatu, na funguo hukabidhiwa wanachama watatu ambao mwenendo wao unajulikana. Hakuna aliyekabidhiwa ufunguo siku aliyojiunga.

Mtandaoni hali ni tofauti, kwa kuwa watu hawaonani na jina laweza kubadilishwa kwa dakika moja. Mfumo wa sifa hujaribu kuziba pengo hilo kwa kuweka kumbukumbu. Mwanachama akitoa mchango unaofaa, wenzake humpa alama. Akiharibu, alama hupungua. Kadiri alama zinavyoongezeka, ndivyo anavyoruhusiwa kushiriki zaidi katika kulinda jumuiya. Sifa, kwa maana hii, si pambo la jina bali ni kipimo cha dhamana ambayo mtu anaweza kukabidhiwa.

Madaraka yanayotolewa kwa ngazi

Mfano unaojulikana sana ni wa Stack Overflow, jumuiya ya watengenezaji wa programu za kompyuta iliyoanzishwa mwaka 2008 na Wamarekani Jeff Atwood na Joel Spolsky. Wanachama huulizana na kujibizana maswali ya kazi yao. Katika utaratibu wake uliozoeleka, kura moja ya kuunga mkono jibu humpa mwandishi alama 10, na jibu likikubaliwa na muulizaji, huongezewa alama 15. Kura ya kupinga humpunguzia alama 2. Mtu anayepinga jibu la mwenzake naye hupoteza alama 1, ili asipinge ovyo. Aidha, alama zitokanazo na kura zina ukomo wa 200 kwa siku, hivyo hakuna awezaye kupanda juu kwa siku moja ya bahati.

Kwa miaka mingi ngazi za madaraka zilipangwa kwa uangalifu. Mwenye alama 15 aliruhusiwa kupiga kura ya kuunga mkono, lakini kura ya kupinga ilisubiri alama 125. Mwenye 2,000 aliweza kusahihisha maandishi ya wengine bila kukaguliwa kwanza. Mwenye 3,000 aliweza kupiga kura ya kufunga swali lisilofaa, na mwenye 10,000 alifunguliwa nyenzo nyingine za usimamizi. Kwa kawaida swali halifungwi kwa uamuzi wa mtu mmoja, bali kwa kura za wanachama kadhaa. Juu ya wote hao wapo wasimamizi waliochaguliwa na wanachama wenyewe kwa ajili ya mambo mazito.

Mpangilio huo una hekima mbili. Ya kwanza ni kwamba uwezo wa kusaidia hutolewa mapema, ilhali uwezo wa kudhuru hucheleweshwa. Ya pili ni kwamba hata mwenye sifa kubwa huamua pamoja na wenzake.

Usimamizi kwa zamu

Slashdot, jumuiya ya habari za teknolojia iliyoanzishwa mwaka 1997 na Rob Malda, ilichukua njia nyingine. Wasomaji walipoongezeka, Malda aliteua wasaidizi wapatao 25, kisha idadi yao ikafika 400, na bado kazi ikazidi watu. Hapo mfumo ukaanza wenyewe kuchagua wanachama wa kawaida, wenye historia njema, wawe wasimamizi kwa muda. Kila mmoja alipewa pointi 5 za kupandisha au kushusha maoni ya wengine, na pointi hizo zilikwisha baada ya siku 3. Aliyeshiriki katika mjadala fulani hakuruhusiwa kuwa mwamuzi wa mjadala huo huo.

Mwaka 1999 uliongezwa ukaguzi wa wakaguzi: wanachama wengine walionyeshwa uamuzi uliofanywa na wasimamizi wa zamu, nao wakasema kama ulikuwa wa haki. Msimamizi aliyeonea watu alipunguza nafasi yake ya kuchaguliwa tena. Baadaye Slashdot iliacha kumwonyesha mwanachama sifa yake kwa tarakimu na badala yake ikatumia maneno kama mbaya, nzuri na bora kabisa, kwa sababu baadhi ya watu walikuwa wamegeuza tarakimu kuwa mashindano.

Pale sifa inapopotosha

Mfumo wa sifa unaweza kuvunjwa kwa njia kadhaa, na kila njia ina mfano wake katika maisha ya kawaida.

Njia ya kwanza ni kisasi. Katika soko la mtandaoni la eBay, ambalo lilianza kutumia alama za sifa mwaka 1996, muuzaji na mnunuzi walipeana alama baada ya biashara. Baadhi ya wauzaji walisubiri mnunuzi atoe alama kwanza. Akilalamika, nao walimlipiza kwa alama mbaya. Wanunuzi wengi wakanyamaza, na sifa za wauzaji zikaonekana safi kuliko hali halisi. Mwaka 2008 eBay iliondoa uwezo wa muuzaji kumpa mnunuzi alama hasi.

Njia ya pili ni kubadili jina. Mwaka 2001 watafiti Eric Friedman na Paul Resnick walieleza kwamba panapokuwa rahisi kupata jina jipya, aliyeharibu hutupa jina la zamani na kuanza upya, na gharama yake huangukia wageni wote, kwa kuwa kila mgeni hulazimika kutiliwa shaka kwanza. Gharama hiyo iliwahi kupimwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, Resnick na wenzake walimtumia muuzaji mmoja wa kadi za kale za posta aliyeuza bidhaa zinazolingana, mara kwa jina lake la siku nyingi, mara kwa majina mapya. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa takribani asilimia 8 zaidi kwa jina linalofahamika.

Njia ya tatu ni kupima kisichofaa. Sifa ikitolewa kwa wingi wa ujumbe, waropokaji ndio watakaopanda. Ikitolewa kwa kupendwa tu, marafiki watapeana kura na mwenye habari chungu lakini ya kweli ataonekana adui. Kupendwa na wengi si ushahidi wa ukweli.

Namna ya kutumia mafunzo haya katika kata

Makundi ya WhatsApp hayana alama za sifa. Yana, hata hivyo, nyenzo zinazotosha kujenga utaratibu unaofanana: msimamizi anaweza kuidhinisha wanaojiunga, kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote, na kuweka wasimamizi zaidi ya mmoja. Yaliyobaki ni makubaliano ya wanachama, ambayo yanafaa kuandikwa na kubandikwa kwenye maelezo ya kundi.

1. Wanachama wajulikane. Kila anayejiunga ataje jina lake kamili na kitongoji chake, na adhaminiwe na mwanachama aliyepo. Hatua hii hupunguza tatizo la majina ya kubadilishwa.

2. Dhamana ikue taratibu. Mgeni aruhusiwe tangu siku ya kwanza kuuliza, kujibu na kutoa taarifa ya dharura, kama vile moto, mgonjwa au mtoto aliyepotea. Matangazo ya biashara na maombi ya michango yasubiri mpaka atakapofahamika.

3. Usimamizi uwe wa zamu na wa watu kadhaa. Kumwondoa mwanachama kuhitaji kauli ya wasimamizi wasiopungua watatu, na aliyehusika katika ugomvi asiwe mwamuzi wake.

4. Hatua ziwe za ngazi. Lianze onyo la faragha, lifuate onyo mbele ya kundi, kisha kuondolewa kwa muda, na mwisho kuondolewa kabisa. Tapeli aliyethibitika hastahili ngazi hizo. Aondolewe mara moja.

5. Sababu ziandikwe. Daftari la wasimamizi lioneshe tarehe, kosa na hatua iliyochukuliwa. Lihusu mwenendo wa mtu ndani ya kundi pekee, si maradhi yake, madeni yake wala msimamo wake wa kisiasa. Taarifa za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

6. Kuwe na rufaa na msamaha. Aliyeadhibiwa apate nafasi ya kusikilizwa na wasimamizi wengine, na kosa dogo lifutwe baada ya muda uliokubaliwa. Sifa isiyoweza kurekebishwa humfanya mtu asione sababu ya kujirekebisha.

Mipaka ya sifa

Sifa njema ya mtumaji haitoshi kuthibitisha ujumbe. Mtu mwaminifu naye hudanganywa, na simu yake inaweza kutekwa na tapeli. Tangazo la huduma za umma linapaswa kutaja ofisi iliyolitoa, tarehe na cheo cha mhusika; lisipotaja, mkazi alihakikishe kwa mtendaji wa kijiji au wa kata kabla ya kulisambaza, na hasa kabla ya kutuma fedha. Ujumbe wa kitapeli unaofika kwa simu huripotiwa kwa kutuma namba ya mtumaji kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili hiyo na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kila msambazaji akumbuke pia kwamba kuchapisha taarifa za uongo kwa nia ya kudanganya au kupotosha umma ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Tuhuma za jinai, ukatili au wizi wa mali ya umma hazihukumiwi kwa kura za kundi. Hupelekwa polisi au kwenye ofisi inayohusika.

Mpaka ulio muhimu kuliko yote ni huu: nafasi ya mtu katika kundi haipaswi kugusa haki yake ya huduma. Aliyeondolewa kundini kwa ugomvi bado anahitaji kujua siku ya chanjo ya mtoto wake, na asiye na simu janja hajapoteza sifa yoyote. Kwa sababu hiyo, kila tangazo la huduma linalowekwa kwenye kundi liwekwe pia kwenye ubao wa matangazo na lisomwe katika mkutano wa kijiji au mtaa. Viongozi wa vitongoji wanaweza kuhakikisha jambo hilo bila gharama kubwa, kwa kumteua mtu mmoja kila wiki wa kunakili matangazo kutoka kwenye simu hadi kwenye karatasi.